Nani Alimvua Yule Samaki?

Posti ya leo ni ndefu. Kama uko kwa matatu inatoka Voi ikienda Mombasa, anza kusoma sasa, utamaliza kabla ya Mackinnon Road.

Wengi wenu mnanijua kwa klipu za Maungu: malori yamepangwa kando ya barabara, ndovu wakivuka usiku, kina mama wa ndizi wakikimbilia basi. Maungu ni ule mji unaamka kwa basi, unaangalia dirishani, unauliza "tumefika wapi?" halafu unalala tena kabla hujajibiwa. Sisi hatuna bahari. Hata maji ya kunywa ni stori ndefu, kwa sababu bomba la Mzima lililojengwa miaka ya 1950 linapita hapa kwetu likipeleka maji Mombasa, na sisi tunalitazama likipita kama tunavyotazama SGR. Kwa hivyo mkiona nimeanza kuongea kuhusu samaki wa bahari kuu, msicheke. Nina sababu.

Mwaka jana, Desemba, nilipata kazi Watamu. Mteja alikuwa na boti ya kukodisha, ile ya kupeleka wageni nje kabisa kuvua kwa starehe, na alitaka video ya dakika tatu. Doo ilikuwa poa. Tangu niache chuo mwaka wa pili, hakuna mtu alikuwa amenipa hela kama hiyo kwa siku moja. Nikapanda basi hadi Mombasa, matatu hadi Gede, tuktuk hadi Watamu, nikalala kwa rafiki, na saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimesimama kwa maji ya magoti nikibeba kamera juu ya kichwa.

Saa moja ya kwanza nilitapika. Hiyo sehemu nitaipitia haraka.

Ndani ya boti tulikuwa sita: mgeni na mke wake, nahodha juu kwa usukani, kijana mmoja wa rika langu, mimi, na mzee. Mzee alikuwa ametoka vijiji vya upande wa Mida, na kwa boti za wageni amefanya kazi miaka thelathini na kitu. Aliniangalia nikitapika akasema, "Mwanangu, usiangalie maji. Angalia kule mwisho, pale mbingu inapokaa." Nikafanya hivyo, nikapata nafuu.

Wasee, hii kazi mimi nilidhani ni kutupa ndoana na kungoja. Zii. Boti haisimami. Inakokota chambo nyuma yake masaa na masaa, na ina miti miwili mirefu inayotanuka kando kama mbawa ili mishipi isishikane. Chambo kingine ni samaki mzima aliyeshonwa na uzi kwa mkono, kwa ustadi, ili akivutwa aogelee kama yuko hai. Mzee alishona chambo kumi na mbili kabla jua halijatoka vizuri. Huku akishona, macho yake hayakuwa kwa sindano, yalikuwa kwa ndege. Membe wakizunguka mahali pamoja na kujitupa majini, chini yao kuna vidagaa, na chini ya vidagaa kuna mwenye njaa kubwa zaidi. Mimi sikuona ndege yeyote. Yeye alimwelekeza nahodha kwa kidole kimoja tu.

Sulisuli akaja saa tatu hivi. Kama hujawahi kumwona, ni yule mwenye mdomo kama upanga na pezi la mgongoni kama tanga la jahazi. Akikasirika anawaka rangi, buluu na zambarau, kama mtu amewasha taa ndani ya ngozi. Hamezi chambo mara moja. Kwanza anakipiga na mdomo. Ukivuta wakati huo, umemkosa. Mzee akaitoa fimbo mahali pake, akaachia mshipi ukimbie, midomo yake ikihesabu kimyakimya, halafu akafunga na kuinua. Samaki akashika. Ndipo akamkabidhi mgeni fimbo.

Mgeni alipigana na yule samaki kama dakika ishirini, jasho linatiririka, mke wake anapiga kelele za furaha. Hata mimi nilipiga kelele, siwezi kudanganya. Samaki alipokaribia, mzee akavaa glavu, akashika ule uzi mnene wa mwisho karibu na ndoana. Huo ndio wakati wa hatari. Uzi ukikuzunguka mkono vibaya na samaki akaamua kurudi chini, unaenda naye. Kijana akapachika tagi yenye namba mgongoni mwa samaki, mzee akamtoa ndoana, kisha akamshika kwa ule mdomo kando ya boti, boti ikisonga polepole ili maji yapite kwenye matamvua, mpaka akapata nguvu. Akamwachilia. Picha hazikukosa.

Jioni nikakata video. Mteja alikuwa amenipa maagizo: mgeni ndiye nyota, wafanyakazi wasionekane sana. Nikafanya hivyo. Nilikuwa nataka kazi nyingine. Nikaondoa ndege, nikaondoa sindano, nikaondoa ile sehemu mzee anahesabu. Nikaanzia pale mgeni ameshika fimbo. Juu yake nikaandika, kwa herufi kubwa, jina la mgeni na maneno "Amvua sulisuli wake wa kwanza!"

Video ikatembea. Laiki zikamiminika. Halafu mtu mmoja, simjui, akakomenti: "Na hiyo mikono yenye glavu ni ya nani?"

Nilitaka kumjibu na kicheko tu. Nikashindwa. Nikaanza kutafuta huu mchezo wa kuvua baharini ulianza vipi kwetu na majina ya nani yamebaki. Chuo niliacha, kusoma sikuacha.

Chukua stori ambayo kila mtoto wa Kenya ameisoma. Aprili 1498 Vasco da Gama anafika Malindi. Mombasa mambo yalikuwa yamemwendea vibaya, lakini mfalme wa Malindi anampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Chini ya mwezi mmoja wakawa wamefika Calicut. Da Gama ana nguzo yake Malindi hadi leo, ile yenye msalaba, wapenzi wanaenda kupigia picha pale. Rubani je? Kwa muda mrefu watu walisema ni Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Oman, lakini wanahistoria wengi wa sasa wamekataa. Waandishi wa Kireno waliandika "Malemo Cana." Sikiliza hilo neno la kwanza vizuri. Malemo. Ni "mwalimu," na zamani pwani mwalimu wa chombo alikuwa ndiye mjuzi wa nyota na njia za bahari. Wataalamu wanasema hata lile la pili linaelekea kuwa cheo. Kwa hivyo walichoandika ni kazi yake. Ni kama mtu aandike kwamba alipelekwa Nairobi na "Dereva Fundi," miaka mia tano ipite, na wasomi wakae wakibishana Dereva Fundi alikuwa nani.

Sasa ruka mpaka wakati wa reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita hapa kwetu kwenye kiu ya Taru, ikafika Kisumu mwaka 1901. Pamoja na reli wakaja walowezi, na pamoja na walowezi wakaja matajiri wa Ulaya na Marekani waliotaka kuwinda. Bara walikuwa na ndovu na simba. Wakichoka na vumbi, pwani ilikuwa na upepo. Miaka ya 1930 hoteli za Wazungu zilikuwa zimeanza Malindi, na Lawford's ndiyo inayotajwa sana. Mtu anaua nyati wiki hii, wiki ijayo yuko baharini na fimbo. Ni watu walewale, hela zilezile, na hata hamu ni ileile ya kupimana na kitu kikubwa kisha kupiga nacho picha.

Nisimame Voi kidogo, kwa sababu hii ni ya nyumbani na wengi wenu hamjui. Denys Finch Hatton, yule mwindaji ambaye Robert Redford alimwigiza kwenye filamu ya Out of Africa, alikuwa na nyumba Takaungu, pale pwani kusini mwa Kilifi. Alikuwa akitumia ndege ndogo kutafuta ndovu kutoka angani. Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi, ndege ikaanguka papo hapo na kuwaka. Alizikwa Ngong, kuna mnara, watalii wanaenda. Lakini ndani ya ile ndege walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mfanyakazi wake, anaitwa Kamau. Ndivyo vitabu vinavyomtaja: Kamau, Mkikuyu, mtumishi. Basi. Nimeishi kilomita thelathini kutoka Voi maisha yangu yote na nilikuwa najua jina la mmoja tu.

Mwaka 1934, mapema, akaja Ernest Hemingway. Alikuwa ametoka kuwinda Tanganyika na Philip Percival, akashuka Malindi kuvua bahari kuu. Huko alikuwa na Percival, tajiri mmoja kijana wa Kimarekani aitwaye Alfred Vanderbilt, na Bror Blixen, aliyewahi kuwa mume wa Karen Blixen, ambaye naye alikuwa mpenzi wa huyo Finch Hatton. Dunia yao ilikuwa ndogo kama mtaa wa Kaloleni, kila mtu anamjua aliyeachana na nani. Hoteli za pwani zinalipenda sana jina la Hemingway. Ukienda Watamu utalikuta limeandikwa kabla hujaiona bahari yenyewe.

Akarudi kuzunguka Afrika Mashariki mwaka 1953. Januari 1954 akaanguka na ndege Uganda, karibu na Murchison Falls, na ile iliyokuja kumchukua Butiaba ikawaka moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yakatangaza amekufa. Hakuwa amekufa. Aliteremka hadi Shimoni, kwenye kambi ya uvuvi iliyokuwa imepangwa tangu mwanzo, akiwa na majeraha kila mahali. Moto wa kichaka ukazuka karibu na kambi, akataka kusaidia kuuzima, akaangukia ndani yake, akaungua tena. Oktoba mwaka uleule akapewa tuzo ya Nobel. Maze, kama kuna mtu amewahi kuwa na mwaka, ni yeye.

Nimesoma stori ya Shimoni mara kadhaa, na kila mara najikuta nauliza maswali ya mtoto. Nani aliwasha injini asubuhi ile? Nani alijua mkondo wa Pemba unavyogeuka? Nani alishona chambo? Mtu wa Wasini? Wa Vanga? Kwenye nilichosoma mimi, watu hao hawapo.

Na usiniambie eti dunia haiwezi kuwakumbuka mabaharia. Kule Cuba Hemingway alikuwa na boti yake, Pilar, na mtu aliyeiendesha miaka mingi ni Gregorio Fuentes. Huyo anajulikana. Watu walikuwa wakisafiri hadi kijiji chake cha Cojímar kumsalimia tu, na alipofariki mwaka 2002, akiwa na miaka 104, magazeti ya dunia yaliandika. Mwandishi ni yuleyule, na samaki ni wale wale wenye upanga. Lakini Cuba wanalo jina la nahodha, sisi tunalo jina la hoteli.

Sasa sheria. Mwaka 1939 wapenzi wa huu mchezo waliunda chama New York, kinaitwa International Game Fish Association, IGFA, ndicho kinachotunza rekodi za dunia. Kanuni yao kubwa, kwa lugha yetu, ni hii: kuanzia samaki anapokamata chambo, mvuvi amnase na apigane naye peke yake. Mtu mwingine akigusa fimbo, au rili, au mshipi, samaki huyo hahesabiki. Mabaharia wanaruhusiwa kushika ule uzi wa mwisho tu, samaki akishafika karibu.

Mara ya kwanza kuisoma nilidhani ndiyo iliyomfuta mzee. Kutafuta samaki hakuhesabiki, kushona chambo hakuhesabiki, kuendesha boti kwa akili hakuhesabiki, kinachohesabika ni mikono iliyoshika fimbo. Halafu nikarudi kwa video yangu mbichi, ile haijakatwa. Nikaangalia tena nani aliitoa fimbo, nani aliachia mshipi, nani alihesabu, nani aliinua. Wasee. Kwa kanuni ya IGFA yenyewe, yule samaki hakuwa wa mgeni hata kidogo. Hakuwa rekodi ya mtu yeyote. Kama kuna aliyemnasa, ni mzee.

Sisemi mgeni alidanganya. Alilipa, alifurahi, alipigana dakika ishirini za ukweli. Aliyeandika uongo ni mimi.

Kuna wale watakaoniambia mchezo huu ni wa Wazungu tangu zamani, tuwaachie. Sikubali. Watu wa pwani wamekuwa na majina ya hawa samaki kabla ya hoteli yoyote: nduaro, sulisuli, jodari, nguru, felusi. Huwezi kumpa jina samaki usiyemjua. Tofauti ni kwamba kwao nduaro ni chakula. Anakatwa vipande, anatiwa chumvi, anafika sokoni. Kumrudisha majini akiwa mzima ni jambo lililokuja baadaye. Mzee aliniambia akiwa kijana ilimuuma roho kila mara, "kama kumwaga ugali," lakini siku hizi ameelewa, maana wamepungua. Watamu kuna African Billfish Foundation tangu 1990, ndio wenye mambo ya tagi. Samaki akivuliwa tena popote, namba yake inaeleza alipita wapi. Tumefika mahali samaki ana kumbukumbu za safari zake.

Miaka miwili tu ndiyo ningependa muikumbuke hapa. 1968, hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa, na mvuvi wa ngalawa akaambiwa hapa ndani usivue tena. Matumbawe yanahitaji ulinzi, hilo nakubali. Lakini mwenye injini kubwa anapita juu ya hifadhi na kwenda nje, kule North Kenya Bank kwenye marlin. Mwenye ngalawa anaenda wapi? Na 1977, serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Huku kwetu pembeni mwa Tsavo bunduki za wageni zikanyamaza. Baharini fimbo ziliendelea. Nikiangalia zile picha za kizamani ukutani, mtu amesimama kando ya marlin aliyening'inizwa, naiona ileile picha ya ndovu na mwindaji, wamebadilisha nguo tu. Pembeni, nusu ya mwili imekatwa na fremu, kuna mtu mweusi ameshika kamba.

Klabu moja niliyoingia ilikuwa na ubao wa mbao wenye majina ya dhahabu: mwaka, samaki, uzito, mvuvi, boti. Nikausoma wote. Boti zina majina. Nyingine zimeandikwa mara saba.

Basi nikaamua kukata video upya. Hii ya pili inaanza na ndege. Ina sindano, ina hesabu, ina glavu, na mwisho wake nilitaka kuweka jina kamili la mzee, la baba yake na la kijiji chake, kwa herufi kubwa kuliko zile nilizomwandikia mgeni. Mteja hakuilipia na sikumwomba.

Nikampigia mzee Julai. Kusi ilikuwa kali, bahari imechafuka, boti zote zimepandishwa juu zikipigwa rangi, na yeye alikuwa shambani akipalilia mihogo. Nikamweleza wazo lote, hata habari za mwalimu wa 1498. Alicheka sana kwa ile ya mwalimu. Akasema babu yake alikuwa akilitumia neno hilo.

Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia upepo kwenye simu.

"Mwanangu, jina usiweke. Agosti boti zinarudi majini na watu wanachaguliwa upya. Wakiona jina langu watasema mzee ameanza kulalamika. Ngoja niimalize misimu miwili, mitatu hii."

Nikamuuliza niweke nini basi.

"Weka mikono," akasema. "Mikono wanaijua."

Video iko hapo chini. Ile komenti ya "mikono ni ya nani" nimeibandika juu kabisa, na bado sijaijibu.